Namna ya Kupumzisha Akili katika Msitu wa Karura

Wengi wanaoingia Karura, msitu ulio ndani ya jiji la Nairobi, huingia na shughuli zao. Wapo wakimbiaji, wapo waendesha baiskeli, wapo wazazi wanaotaka watoto wachoke kabla ya chakula cha mchana. Mwongozo huu haukusudiwi kwa hao. Unamhusu mtu ambaye kichwa kimemjaa, anayelala kwa muda wa saa nane na kuamka akiwa na uchovu ule ule, na ambaye amesikia kwamba msitu hutuliza lakini hajui afanye nini hasa akishafika humo.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Siku ya kwanza nilizunguka takriban kilomita 12, kutoka langoni hadi kwenye maporomoko, kisha mapangoni na kurudi, huku nikihesabu hatua kwa simu na kujibu ujumbe kila mtandao uliporudi. Nilifika nyumbani miguu inauma na akili iko pale pale nilipoiacha asubuhi. Ilinichukua miezi kadhaa kutambua kwamba nilikuwa nimeupeleka msituni mwendo wa mjini, na kwamba msitu ulikuwa haujapata nafasi ya kunifanyia chochote.

Ni vyema kwanza kuelewa kinachotafutwa. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rachel na Stephen Kaplan, walieleza katika miaka ya 1980 kwamba mwanadamu ana umakini wa aina mbili. Upo umakini wa kujilazimisha, ambao ndio tunaoutumia kusoma mkataba, kuvuka barabara yenye matatu nyingi au kumsikiliza mkubwa wa kazi akizungumza kwa saa nzima. Huo huchoka, na ukichoka mtu huwa mwepesi wa hasira, msahaulifu, na mzito wa kuamua hata mambo madogo. Aina ya pili ni ule unaovutwa wenyewe, bila jitihada, na vitu kama maji yanayotiririka, majani yanayotikisika au ndege anayeruka kutoka tawi hadi tawi. Umakini huu wa pili unapofanya kazi, ule wa kwanza hupata kupumzika. Kwa hiyo unachokitafuta Karura ni mahali ambapo macho na masikio yako yatashughulika kidogo tu, bila kuamriwa na mtu wala na kengele ya simu, ambako mandhari nzuri ni nyongeza tu.

Muda nao una hesabu yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2019 ulipima kotisoli, yaani homoni inayopanda mtu anapokuwa na mfadhaiko, katika mate ya wakazi wa mjini waliotumia muda wao penye mimea, na ukaona kwamba ilishuka kwa kasi kubwa zaidi kati ya dakika ya 20 na ya 30. Mwaka huo huo, uchunguzi uliohusisha watu wapatao 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kwamba waliotumia dakika 120 au zaidi kwa wiki katika mazingira ya asili walielekea zaidi kusema kwamba afya yao ni njema, na haikujalisha kama dakika hizo zilikuwa za siku moja au ziligawanywa. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowapa afya, kwani huenda wenye afya ndio wanaopata nguvu za kutoka nje. Hata hivyo kipimo chenyewe ni rahisi kukifuata: mara mbili kwa wiki, saa moja kila mara, au Jumamosi moja ya saa mbili kwa yule ambaye siku za kazi hazimruhusu.

Baada ya hapo, chagua mahali pamoja. Hapa ndipo wageni wengi hukosea, kwa sababu Karura ina hekta zipatazo 1,041 na njia za zaidi ya kilomita 50, na mtu hutamani kuzimaliza zote. Ramani iliyo langoni inaonyesha makutano yaliyopewa namba. Tafuta kipande cha njia kisichozidi kilomita moja na nusu, chenye maji karibu au miti mikubwa ya asili, ukifanye kuwa chako. Maporomoko, ambayo kimo chake ni kama mita 15, yanapendeza, lakini siku za mwisho wa wiki huwa kama stendi ya basi. Upande wa Sigiria, ng'ambo ya Barabara ya Limuru, una utulivu zaidi. Epuka kuchagua sehemu ya mikaratusi mitupu ikiwa unaweza. Mashamba hayo ya miti ya kigeni yana kivuli, ila ndani yake huwa na ndege wachache na ardhi yake ni kavu, na masikio hukosa cha kushika.

Ukirudi mahali pale pale kwa wiki nne au tano, kitu hubadilika ndani yako ambacho matembezi ya kila mara njia mpya hayakileti. Akili huacha kuuliza njia inaelekea wapi na huanza kutambua kilichobadilika: tawi lililoanguka usiku, uyoga uliochomoza kwenye gogo, kijito kilichopanda kwa sababu mvua imenyesha Kiambu.

Jifunze pia majina ya miti mitatu, si zaidi. Mimi ningependekeza mukinduri, muhugu na muthiga, kwa kuwa majina hayo ya Kikuyu ndiyo utakayoyasikia kwa walinzi na waelekezi wa humo. Mukinduri unajulikana kwa majani yake yenye rangi ya fedha upande wa chini, hata upepo ukipita mti mzima huonekana kama umegeuza nguo. Muhugu ni ule mti mgumu ambao wachonga vinyago wa Kikamba waliupenda mno, na kupendwa huko ndiko kulikoumaliza katika misitu mingi. Gome la muthiga huwasha ulimini kama pilipili na limetumika tangu zamani kutibu mafua na maumivu ya meno. Utakuta mashina yenye makovu ya waliobandua, nawe usiongeze lako. Anayeujua mti kwa jina huuangalia kwa muda mrefu zaidi, na kuuangalia huko ndiko kunakopumzisha.

Kuhusu saa, asubuhi haina mshindani. Ukiingia baada tu ya lango kufunguliwa, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, ndege ndio wenye msitu. Hondohondo husikika kabla ya kuonekana, kwa sauti yake ya kukwaruza na mvumo wa mabawa mazito, na kulukulu akiruka hufunua wekundu wa bawa ambao hukuutarajia kwa ndege wa kijani. Mwezi wa saba baridi ya Nairobi ni kali, hivyo sweta ni lazima. Katika majira ya mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, udongo mwekundu huteleza na viatu vya soli laini havifai, lakini usiogope kwenda: harufu ya udongo baada ya mvua na matone yanayoendelea kudondoka kutoka majani juu, mvua yenyewe ikiwa imekwisha, ni sehemu bora ya tiba hii kwa maoni yangu.

Beba vichache. Maji yawe kwenye chupa ya chuma au ya kutumia tena, kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za Kenya. Kitambaa cha kukalia kinafaa, maana magogo huwa na unyevu. Chakula kiache, au kiwe ndani ya mfuko uliofungwa, kwa sababu kima wa Karura wamezoea watu na hunyakua ndizi mkononi bila aibu. Ukimlisha mmoja leo, utakuwa umemharibia yeye pamoja na mtoto atakayepita kesho. Simu izimwe kabisa. Kuiweka kimya hakutoshi, kwa kuwa mkono utaitafuta tu. Ikiwa una mgonjwa nyumbani na ni lazima upatikane, mpe mwenzako simu hiyo aishike.

Ukishaingia, usitarajie utulivu papo hapo. Dakika kumi na tano za kwanza akili huendelea kugombana na watu wa jana, na hilo si dalili ya kushindwa. Tembea taratibu kuliko unavyodhani inafaa, kiasi kwamba mtu akikupita atadhani umepoteza kitu. Anza na masikio: sikiliza sauti ya mbali kabisa unayoweza kuipata, ambayo mara nyingi itakuwa magari ya Barabara ya Kiambu, kisha ya karibu zaidi, kisha ya karibu zaidi ya hiyo, mpaka ufike kwenye nyayo zako mwenyewe. Rudia. Baadaye fanya vivyo hivyo kwa macho, kutoka vilele vya miti hadi kwenye majani makavu chini.

Kisha keti. Wajapani, ambao mwaka 1982 idara yao ya misitu iliupa mtindo huu jina la shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, hawakumaanisha kutembea umbali mrefu. Walimaanisha kuuacha msitu ukuzunguke kama maji yanavyomzunguka mwenye kuoga. Baadhi ya watafiti wao, akiwamo daktari Qing Li, wameandika kwamba harufu zinazotolewa na miti huongeza seli za kinga mwilini. Vipimo hivyo vilifanywa kwa vikundi vya watu wachache, na mimi singeenda Karura kwa ajili ya seli. Ningekaa dakika 20 bila kujongea kwa sababu nyingine ya wazi: ukitulia, wanyama husahau kwamba upo. Paa mdogo hutokeza kichakani. Mbega, wale wenye manyoya meupe yanayoning'inia mabegani, ambao walihamishiwa hapa kutoka Kipipiri katika muongo wa 2010 baada ya kutoweka, huendelea kula majani juu yako kana kwamba hukuja. Kabla ya kuketi chunguza ardhi, kwani siafu hawana subira, na thabai, mmea unaowasha ngozi, humea kando ya njia palipo na unyevu.

Ikiwa wewe ni mwanamke, au ni mtu ambaye hajazoea, nenda na mwenzako kwa mara za kwanza, mkikubaliana kutozungumza hadi mtakaporudi. Nasema hivi nikijua kwamba wakazi wa Nairobi walio na umri wangu waliogopa hata kulitaja jina la Karura, maana palikuwa mahali pa majambazi na maiti zilizotupwa. Uzio, walinzi na ushirikiano kati ya Shirika la Misitu na chama cha wananchi cha Marafiki wa Karura ndivyo vilivyobadilisha hali hiyo. Na kabla ya uzio palikuwa na vita vingine: mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu za msitu ziligawiwa watu binafsi wajenge majumba, na tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi kuvuja damu kichwani alipokuja na wenzake kupanda mti. Hapo unapokalia kitambaa chako pangeweza kuwa sebule ya mtu.

Kwa aliye mbali na Karura, utaratibu huu haubadiliki. Arboretamu ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1907, ni ndogo lakini inatosha kabisa. Mkazi wa Dar es Salaam ana Pugu, wa Moshi ana Rau. Aliyelazwa kitandani asikose kuvuta pazia: mwaka 1984 Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa wa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania ambao dirisha lao lilielekea miti walitoka mapema kuliko walioelekea ukuta wa matofali, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo kuliko hao wengine. Anayetumia dawa za sonona au za presha aendelee nazo. Msitu hauandiki cheti cha dawa.

Wakati wa kuondoka, rudi langoni kwa mwendo ule ule wa taratibu, na usiwashe simu mpaka uwe umekaa dakika tano kwenye benchi au ndani ya gari. Katika daftari dogo andika tarehe na kitu kimoja tu ulichokiona ambacho wiki iliyopita hakikuwapo, kisha, kabla hujainuka, andika chini yake siku utakayorudi.