Kupiga picha za watu bila kuwapanga: mradi wa barabara ya ndizi, Uyole hadi Kyela

Wapigapicha wengi wanaoanza hudhani kwamba picha ya mtu asiyepangwa ni picha ya kuvizia. Mimi naipata kwa njia iliyo kinyume kabisa, yaani kwa kukaa mahali pamoja, kamera ikionekana wazi, hadi watu wanizoee na kurudia shughuli zao. Mwongozo huu unafuata mradi nilioufanya katika barabara itokayo Uyole kupitia Kiwira na Tukuyu hadi Kyela, ambayo ndiyo inayopandisha ndizi za Rungwe kwenda masoko ya Mbeya.

Hatua ya 1: Punguza jambo hadi litoshe sentensi moja. "Maisha ya Nyanda za Juu Kusini" si mradi, kwa sababu hakuna picha ambayo haiwezi kuingizwa humo. "Safari ya mkungu wa ndizi kutoka mgombani hadi soko la Mwanjelwa, Mbeya" ni mradi, kwa kuwa unakuambia leo uende wapi na, muhimu zaidi, usipige nini. Jiwekee pia kikomo. Mimi nilijipa Jumamosi kumi na mbili.

Hatua ya 2: Tayarisha kamera kabla ya kushuka kwenye gari. Natumia lenzi moja ya milimita 35. Naweka tundu la lenzi kwenye f/8, kasi ya shata 1/250 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) naiacha ijipange yenyewe bila kuvuka 6400. Kisha nafunga fokasi (umbali ambapo picha hutoka kali) kwenye mita 3, ambazo ni kama hatua nne za kawaida za mtu mzima. Kwa kamera yenye kihisi (sehemu ya ndani inayopokea mwanga) cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, mpangilio huo hufanya kila kitu kilicho kati ya mita 2 na 7 hivi kionekane vizuri, hivyo hulazimiki kuisubiri kamera itafute fokasi wakati tukio linapita. Anayetumia simu azime flashi na asivute picha karibu kwa vidole. Asogee kwa miguu.

Hatua ya 3: Salimia, nunua, kaa. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo nilipowahi kukosea vibaya. Siku ya kwanza pale Kiwira nilisimama nyuma ya kibanda na lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali, nikimlenga mama mmoja aliyekuwa akipanga ndizi. Aliponiona alijifunika uso kwa kitenge, wenzake wakapaza sauti, na soko zima likajua kuna mtu anayewinda watu. Nilimwendea, nikamwomba radhi, nikazifuta picha zile mbele ya macho yake, na siku hiyo sikupiga nyingine.

Jumamosi iliyofuata niliiacha lenzi ndefu nyumbani. Nilifika mapema kamera ikining'inia kifuani, nikawapa wazee shikamoo na wengine "Mugonile" ya Kinyakyusa (ukishavuka Makambako kuelekea Njombe au Iringa, "Kamwene" ndiyo itakayokufungulia mlango), nikanunua chane moja na kuketi juu ya kreti tupu. Aliyeniuliza picha ni za nini nilimweleza, na aliyekataa sikumpiga. Kwa watoto niliomba ruhusa kwa wazazi wao. Ilipita zaidi ya saa nzima kabla sijainua kamera, na kufikia hapo hakuna aliyekuwa na haja ya kunitazama. Kwenye vituo vya reli, madaraja na maeneo ya polisi au jeshi, kukaa hakutoshi: tafuta ruhusa ya wahusika, la sivyo iache kamera mkobani.

Hatua ya 4: Chagua mandhari kwanza, kisha msubiri mtu. Tafuta mahali ambapo nyuma hapana vurugu, kwa mfano ubavu wa lori au ukuta wa mikungu mibichi, ukae ukielekea hapo. Picha ninayoipenda kuliko zote katika mradi huu ni ya mikono tu: kisu kifupi kikitenganisha chane na mkungu, na vidole vyeusi kwa utomvu ambao sabuni haiutoi kwa siku moja. Nilipiga picha kumi na tisa za kitendo hicho kwa sababu kilijirudia, na ni katika ya kumi na saba tu kisu, kidole gumba na chane inayoanguka vilipopata kila kimoja nafasi yake.

Hatua ya 5: Soma mwanga wa huku. Asubuhi ya ukungu hudanganya kamera: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na nyuso zetu nyeusi zinatoka kama vivuli. Ongeza mwanga kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu moja nzima (stopu moja ni mwanga mara mbili). Chini ya turubai la bluu tatizo ni jingine, kwani rangi yake hutua kwenye ngozi na hakuna marekebisho yanayoiondoa yote. Sogea ili umpate mtu akiwa ukingoni mwa turubai, au uikubali picha iwe nyeusi na nyeupe.

Ukitelemka kutoka baridi ya milima ya Uporoto hadi joto na unyevu wa Kyela, usiitoe kamera mara moja, maana lenzi yake itashika ukungu. Ifungie ndani ya mfuko wa plastiki kwa nusu saa hivi, ipate joto taratibu.

Hatua ya 6: Chuja, kisha urudishe. Usichague usiku wa siku uliyopiga. Bado unakumbuka jasho lako, na jasho halionekani kwenye picha. Subiri wiki, chapa nakala ndogo, zitandaze mkekani na uondoe kila picha inayosema kilichokwisha kusemwa na nyingine. Mimi nilibakiwa na ishirini na mbili.

Kisha wapelekee watu nakala zao za sentimita 10 kwa 15. Yule mama wa kitenge, ambaye kufikia Jumamosi ya nne aliniita mwenyewe, aliiweka pembeni picha ya mikono na kuuliza sura yake iko wapi. Nilimpigia nyingine pale pale akiwa amesimama wima, nami nikaileta wiki iliyofuata. Nyuma ya kila nakala andika tarehe na mahali kwa penseli laini, kwa sababu kalamu ya wino hubonyeza karatasi na mistari yake huonekana upande wa picha.