Namna ya Kuitambua Ndago Ndogo ya Mbugani, Eleocharis atropurpurea
Mvua za masika zinapokatika na maji kuanza kuzihama mbuga za Tabora, tope linalobaki kandokando ya majaruba na malambo ndipo mahali pa kuutafuta mmea huu mdogo wa jamii ya ndago, ambao wengi huukanyaga wakidhani ni nyasi changa. Ni mmea wa msimu mmoja, wenye mashina membamba kama unywele yanayochipuka kwa kifungu, na kwa kawaida hauzidi sentimita 15.

Ung'oe mzima na uoshe tope. Usipoona majani, bali ala nyembamba tu inayolivaa shina chini, na kila shina likiwa na kisuke kimoja nchani kisicho na jani lolote chini yake, basi umefika kwenye jenasi ya Eleocharis. Ndago za kawaida za shambani, ambazo majani hutandaa chini ya masuke, huachwa hapo. Eleocharis acutangula ni kubwa zaidi na shina lake lina pembe tatu. Eleocharis dulcis ina shina nene lenye uwazi, lililogawanyika vyumba vyumba ndani.

Inayosumbua kweli ni Eleocharis geniculata, kwa kuwa nayo huota kwa vifungu na mbegu zake ni nyeusi zinazong'aa vilevile. Magamba ya kisuke cha atropurpurea huwa ya zambarau iliyoiva yenye mstari wa kijani katikati, lakini rangi hufifia juani, nami nisingemshauri mtu autaje mmea kwa rangi peke yake. Sugua kisuke kilichokomaa juu ya karatasi nyeupe, kisha tazama mbegu kwa lenzi inayokuza mara 10. Mbegu ya atropurpurea ina urefu wa takriban nusu milimita, na vinywele vya kitakoni mwake ni vyeupe, vifupi kuliko mbegu, au havipo kabisa. Ya geniculata hukaribia milimita moja, nayo huzungukwa na vinywele vya kahawia vinavyoifikia au kuipita kwa urefu.

Mbegu zikiwa bado changa, usilazimishe jina. Rudi zikiisha kuiva. Sampuli ikaushwe katikati ya magazeti, mbegu chache zitiwe kwenye bahasha ndogo, na lebo ieleze mahali, tarehe na kama mmea ulisimama majini au kwenye tope.