Somo: Kubadilisha bushi za spring za mbele kwenye Land Rover Series II na III

Wakuu, wiki hii nimepigiwa simu tatu, swali lile lile: "Nimeweka bushi mpya, mbona gari bado linagonga?" Naandika mara moja, msome hadi mwisho. Nina Land Rover 109, ile ndefu, ya mwaka 1978, naitunza mwenyewe hapa Arusha, na yote haya nimeyafanya kwa mikono yangu.

Bushi ni mpira uliobanwa kati ya bomba mbili za chuma, la ndani na la nje. Kila upande wa mbele una bushi tatu. Mbili zimo kwenye masikio ya spring, yaani matundu ya ncha zake mbili. Ya tatu imo ndani ya chasisi, pale mabamba mawili yanapobeba ncha ya nyuma ya spring. Ya chasisi si sawa na za spring, kwa hiyo nenda dukani na za zamani mkononi.

1. Jana yake, mwagia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu.

2. Zuia tairi za nyuma, piga jeki, weka stendi chini ya chasisi, toa tairi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

3. Jeki ya pili ibebe ekseli, isije ikaning'inia kwenye hozi ya breki.

4. Fungua shokapu kwa chini, yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga spring kwenye ekseli) na bamba lake. Maliza upande mmoja ndipo uhamie wa pili. Ule usioguswa ndio unaoshikilia ekseli mahali pake.

5. Bolti za mabamba ya nyuma: bamba moja lina nyuzi. Bolti imejifunga humo, kisha nati ikafungwa juu yake. Toa nati, halafu izungushe bolti mpaka itoke. Ukiigonga kwa nyundo ukidhani imepita tu, umeua nyuzi na bamba.

6. Bushi ya chasisi. Toboa mpira kwa drili kuuzunguka mpaka bomba la ndani lichomoke. La nje huwa limeshikana na chasisi kwa kutu. Pitisha bleidi ya msumeno wa chuma, ulikate kwa urefu wake, kisha likunje ndani kwa patasi. Angalia unga unaodondoka: ukiwa unang'aa bado unakata bomba, ukigeuka kahawia umefika kwenye kutu iliyo nyuma yake. Acha hapo hapo, kinachofuata ni chasisi. Wapo wanaochoma mpira kwa moto. Msifanye hivyo, tangi la mafuta liko chini ya kiti.

7. Bushi mpya iingie kwa presi au vaisi, ukisukuma bomba la nje. Ukisukuma la ndani unauchana mpira.

8. Rudisha spring. Kichwa cha senta bolti (ile inayoshika majani ya spring pamoja katikati) kikae kwenye tundu lake ndipo ukaze yubolti.

9. Kukaza bolti za bushi. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza, na ndipo wengi mnapoharibu. Nilizikaza zote gari likiwa kwenye stendi, kwa sababu nafasi ya mkono ni kubwa. Haikupita miezi miwili likaanza kugonga. Nilipofungua, mpira ulikuwa umekatika duara zima, bomba la ndani nalizungusha kwa kidole.

Bushi hii haizunguki kwenye bolti. Bolti inalibana bomba la ndani lisisogee, na spring inapocheza ni mpira unaojinyonga na kurudi. Ukikaza spring ikiwa imening'inia, gari likishuka chini mpira tayari umenyongwa, na kila shimo linaunyonga zaidi. Kwa hiyo: funga kwa mkono tu, rudisha tairi, shusha gari, lisukume mbele na nyuma, litikise bampa mpaka litulie. Ndipo ukaze. Baada ya kilomita 100 hivi kagua nati za yubolti tena.

MASWALI

Swali (Morogoro): Mkuu, naweza kukaza likiwa juu ya stendi halafu nishushe?

Jibu: Hapana. Soma namba 9.

Swali (Dodoma): Fundi wangu kapaka grisi bushi mpya ili zisilie. Sasa zimevimba. Umesema ni bora lakini hazina lolote.

Jibu: Sijaandika grisi popote. Grisi na dizeli vinaula mpira. Nunua nyingine, ziingie kavu.

Swali (Iringa): Shikamoo kaka. Nimepanga spring zangu mbili chini, moja imepinda zaidi ya nyingine. Imechoka, au ndivyo zilivyotengenezwa?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, una jicho zuri. Kiwanda kilitoa spring ya upande wa dereva na ya upande wa abiria. Ya dereva imepinda zaidi kwa sababu inabeba uzito zaidi. Kabla hujazirudisha zitie alama kwa chaki. Zikibadilishana pande, gari litainama hata kama kila kitu ni kipya.

Swali (Mwanza): Nimefuata hatua zote, kugonga kumeisha. Ila usukani bado unatetemeka vibaya nikipita kwenye matuta madogo. Ni bushi?

Jibu: Hongera, na asante kwa kueleza vizuri. Anza na balansi ya tairi na ncha za fimbo za usukani. Zikiwa nzima, piga jeki, shika tairi juu na chini, utikise, mwenzio akanyage breki. Mchezo ukibaki hata breki ikiwa imekanyagwa, pini za swiveli (zile tairi inazogeukia unapokata kona) zimelegea. Chini ya pini ya juu kuna shimu, yaani vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Kupunguza moja kunarudisha mkazo. Punguza moja moja.

Mchango (Moshi): Nyongeza, wakuu. Wakati wa kufunga, paka grisi ya shaba kwenye shina la bolti, kidogo tu, isifike kwenye mpira. Zangu nilizipaka, na juzi zilitoka kwa spana ya kawaida.

Jibu: Asante mzee wangu, naiongeza kwenye namba 8.