Jinsi ya kutumia simulesheni za kompyuta ili mafunzo ya maafa yafanane na maafa yenyewe (mfano: mafuriko ya Jangwani)

Hii nawaandikia mnaofundisha usimamizi wa maafa hapa Dar, iwe chuoni, halmashauri, hospitali, Msalaba Mwekundu au vikundi vya kujitolea vya kata. Wanafunzi wetu hatua zote wanazo kichwani, kuzuia, kujiandaa, kukabili, kurejesha hali, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 wameshaisoma, lakini mpe mtu huyohuyo simu inayoita, ramani iliyopitwa na wakati na dakika 3 za kuamua gari lipite wapi, anaganda. Kuganda huko kunatakiwa kutokee darasani, mapema, mbele ya wenzake, na simulesheni (kuigiza tukio kwa kompyuta) ndo kazi yake hiyo.

Niseme msimamo wangu mapema ili usipoteze hela. Kinachofanya zoezi liwe kama kweli ni saa inayotembea na taarifa zinazokuja vipandevipande, zingine zikipingana. Picha nzuri za 3D zinawasaidia sana watu wa zimamoto wanaotakiwa kusoma moshi kwa macho, na kuna programu kama XVR ya Uholanzi zinafanya hiyo kazi, ila hizo ni za taasisi yenye bajeti. Kwa kamati ya maafa ya wilaya au darasa la chuo, programu za bure zinatosha kabisa.

Anza na uamuzi, programu baadae

Kabla hujawasha kompyuta andika sentensi moja tu: mtu wangu akitoka hapa awe ameshafanya uamuzi gani kwa mikono yake mwenyewe? Kwa mfano "aamue kuhamisha watu wa bondeni usiku kabla maji hayajafika milangoni". Hiyo inatosha zoezi zima. Ukiweka malengo 10 hutapata hata moja.

Mimi mafuriko ya bonde la Msimbazi ndo nayapenda kwa kufundishia maana kila mtu Dar anayajua. Desemba 2011 watu wapatao 40 walifariki na waliopoteza makazi wengi wakapelekwa Mabwepande, na tangu hapo barabara pale Jangwani imefungwa na maji mara nyingi, Aprili 2018 mpaka karakana ya mwendokasi ilijaa. Alafu lile bonde lina mtego mzuri sana, Magomeni iko Kinondoni, ukivuka mto Jangwani na Mchikichini ziko Ilala, kwahiyo maji yakipanda zinakuwa wilaya mbili, wakuu wa wilaya wawili, kamati mbili, na mto mmoja. Nani anaongea na nani? Swali hilo kwenye slaidi linaonekana jepesi, kwenye zoezi linakula nusu saa.

Ramani iwe ya kwetu

Pakua QGIS, programu ya kutengeneza ramani, ni ya bure, alafu ongeza plagini (kiongezi cha programu) inaitwa InaSAFE. Hii ilitengenezwa na serikali ya Indonesia na Australia pamoja na Benki ya Dunia kwa ajili ya kazi hii hasa, unaipa layeri, yaani tabaka la ramani, ya hatari (maji yatafika wapi) na layeri ya vilivyopo (majengo, barabara, watu), yenyewe inakutolea hesabu ya majengo mangapi yataguswa, barabara kiasi gani itafungwa, watu wangapi watahitaji msaada. Angalia mapema kama inakubaliana na toleo la QGIS ulilonalo, usisubiri asubuhi ya zoezi.

Na hapa Dar tuna bahati ambayo miji mingi haina. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wananchi mitaani, Tandale, Manzese, Kigogo, Hananasif na kwingine, wakachora nyumba, mitaro, vichochoro, na data yote ipo wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ya wazi kwa wote, unachukua bure. Ila kuwa makini, nyumba nyingi za bondeni zimeshabomolewa kupisha mradi wa bonde la Msimbazi, kwahiyo usiichukue layeri ya majengo kama ilivyo ukadhani bado watu wanaishi pale. Nenda na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa mtembee kidogo, futa kilichobomolewa, ongeza kilichojengwa. Hiyo kazi yenyewe ni somo, wape wanafunzi waifanye.

Kuhusu layeri ya maji, kama una injinia wa maji tumia HEC-RAS, ni ya bure pia, ya jeshi la wahandisi la Marekani, inakuonyesha maji yanavyopanda saa kwa saa, lakini inataka data nzuri ya miinuko na mtu anayeijua. Kama huna, kaa na wazee wa mtaa wakuonyeshe 2011 maji yalifika ukuta upi, chora mpaka huo kwenye QGIS, endelea. Kwa darasa la maamuzi hiyo inatosha.

Kitu kimoja cha kubadilisha kwenye InaSAFE ni mahitaji ya chini ya waathirika, maana hesabu zake za mwanzo ni za Indonesia, kilo 2.8 za mchele kwa mtu kwa wiki, lita 17.5 za maji ya kunywa, choo kimoja kwa watu 20. Weka unga na maharage kama ndo mnachogawa. Lakini hesabu wafanye wenyewe kwa mikono kwanza, wachukue watu 5,000, mchele peke yake ni tani 14 kwa wiki, maji ya kunywa ni lita 87,500, vyoo 250. Sasa waulize: hizo tani 14 ni Fuso ngapi, zinatoka ghala gani, zinapita barabara ipi wakati Jangwani imefungwa, na zinashushwa shule gani? Alafu fungua ramani uwaonyeshe kama shule waliyoichagua nayo iko ndani ya maji. Hapo darasa zima linanyamaza na kuanza upya, na hawatasahau tena kuangalia.

Saa na taarifa

Hapa ndo penye utamu na hapa ndo uweke nguvu zako zote. Tengeneza jedwali la kawaida kwenye Excel: muda, nani anatuma, kwa njia gani, anasema nini, tunategemea wafanye nini. Tenga chumba cha nyuma chenye watu 3 au 4 ambao ndo "dunia ya nje", mmoja anakuwa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), mmoja wananchi, mmoja hospitali, mmoja mwandishi wa habari. Wanafunzi wako chumba cha mbele na ramani kwenye projekta. Kila ombi lao linapita kwa simu au redio koli kwenda chumba cha nyuma, hakuna kunong'ona mlangoni.

Mfano wa saa ya kwanza, ndani ya zoezi ni saa tisa usiku. Dakika ya 0 TMA wanapandisha kutoka angalizo kwenda tahadhari kubwa ya mvua. Dakika ya 6 inaingia voisi noti, mama anaongea haraka, mvua inasikika kwenye bati mpaka maneno mengine hayashikiki, anasema maji yameingia ndani na bibi yake hawezi kutembea, hasemi yuko mtaa gani, anasema tu "huku nyuma ya msikiti". Dakika ya 9 mwenyekiti wa mtaa anapiga anasema kwake shwari. Dakika ya 14 hospitali inauliza kama ipokee wagonjwa au magari yanaenda kwingine. Dakika ya 15 mwandishi anataka idadi ya vifo. Dakika ya 20 gari la wagonjwa walilolituma kutoka Magomeni kwenda Muhimbili linapiga, liko Jangwani na barabara haipitiki.

Angalia watakachofanya na hiyo ya dakika ya 20. Wazuri wataligeuza lipite Kinondoni hadi Daraja la Selander au Tanzanite, ila foleni na maji ya huko nako je? Wenye kusoma ramani watakumbuka kwamba kituo cha zimamoto cha Fire kiko upande wa mjini, kwahiyo Magomeni ikiwaka moto usiku huohuo gari haliwezi kunyoosha Morogoro Road. Hayo yote yapo kwenye ramani tangu mwanzo, hakuna aliyewaficha.

Ile voisi noti rekodi kweli, kwa simu, na sauti ya mvua nyuma. Usiisome kwenye karatasi kwa sauti ya mwalimu. Na usiwape majibu yote, "nyuma ya msikiti" iachwe hivohivo mpaka mtu apate akili ya kumpigia tena aulize msikiti upi, karibu na duka la nani.

Usalama wa zoezi lenyewe

Hili nalisisitiza kuliko yote. Kila ujumbe, kila voisi noti, kila picha ianze na neno ZOEZI na iishie na ZOEZI. Voisi noti kali ya mafuriko ikitoka kwenye grupu lenu ikafika kwenye grupu la familia ya mtu bila hilo neno, ndani ya saa moja iko mji mzima na watu wanakimbia kweli. Fungua grupu jipya kwa ajili ya siku hiyo, zuia watu kusambaza, lifute jioni. Namba za kweli za dharura kama 112 na 114 hazipigwi kabisa, chumba cha nyuma kiwe na namba zake. Mkitoka nje na majaketi na machela, polisi na serikali ya mtaa wawe wanajua kabla. Na wekeni neno moja la kusimamisha kila kitu endapo mtu ameumia kweli katikati ya zoezi.

Alafu uliza kabla, kwa faragha, kama kuna mtu amepoteza ndugu au nyumba kwenye mafuriko au jengo kuanguka. Dar hii wapo wengi, baada ya Kariakoo Novemba 2024 wameongezeka. Mtu kama huyo mpe nafasi ya kuchagua, akae chumba cha nyuma au asiwepo siku hiyo, bila kuulizwa maswali.

Kama unafundisha manesi au waokoaji

Ongeza wagonjwa. Utaratibu wa START, wa kupanga majeruhi kwa rangi kulingana na uharaka wa kuhudumiwa, unafundishika kwa dakika chache: anayetembea ni kijani, asiyepumua hata ukimfungulia njia ya hewa ni nyeusi (akianza kupumua ni nyekundu), anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu, ukibonyeza kucha ukaachia damu ikachelewa kurudi zaidi ya sekunde 2 nyekundu, asiyefuata amri rahisi nyekundu, waliobaki njano. Sasa simulesheni inachoongeza ni muda, yaani mgonjwa wa njano asipoangaliwa baada ya dakika 15 anabadilika kuwa nyekundu. Unaweza kufanya hivo kwa slaidi zinazojibadilisha zenyewe kwenye tableti, kila mgonjwa na tableti au simu yake. Inawafundisha kurudia kupima, kitu ambacho kadi ya karatasi haifundishi.

Kwa ajali za kemikali na mafuta kuna ALOHA, ya bure kutoka Marekani, unaweka kemikali, upepo, kiasi kilichovuja, inachora eneo la hatari kwa rangi. Kila nikikumbuka lori la mafuta la Msamvu Morogoro, Agosti 2019, lililowaka moto na kuua zaidi ya watu 100, naona kila dereva wa bodaboda angetakiwa kuiona ile ramani ya rangi angalau mara moja. Kwa umati wa watu kutoka ukumbini jaribu NetLogo, programu inayoigiza mienendo ya watu wengi, wanafunzi wanaona kwa macho mlango mmoja ukifungwa foleni inavyojaa.

Umeme na bando

Kila kitu kiwe kwenye kompyuta na kwenye flashi, ramani ipakuliwe isitegemee intaneti, betri zijae, na printi ramani moja kubwa ya A0 ubandike ukutani. Umeme ukikatika katikati usisimamishe zoezi, saa iendelee, wahamie kwenye karatasi, maana mvua kubwa ya usiku mara nyingi inakuja na giza.

Kikao cha baada ya zoezi

Muda wake usipungue muda wa zoezi. Zoezi la saa moja, kikao cha saa moja. Usianze kwa kuwaambia walikosea wapi, anza na rekodi: dakika ya 6 voisi noti iliingia, nani aliisikia, alimwambia nani, dakika ya ngapi gari lilitoka? Kompyuta na grupu vina muda wa kila kitu kwahiyo hakuna ubishi. Mara nyingi utakuta taarifa ilifika mapema sana ila ilikaa kwa mtu mmoja ambaye hakujua ni ya nani. Hapo waulize wao, utaratibu gani ungeifikisha? Waandike, kwa jina la cheo na namba ya simu, nani atampigia nani, Kinondoni kwenda Ilala na kurudi.

Baada ya hapo rudieni zoezi lilelile wiki chache mbele mkibadilisha kitu kimoja tu. Badala ya saa tisa usiku weka saa mbili asubuhi siku ya Jumatatu, watoto wako shule ng'ambo moja ya mto na wazazi kazini ng'ambo nyingine. Faili zote ziwekwe pamoja na jedwali, mwenzio wa Temeke akitaka abadilishe ramani tu aweke Mto Kizinga na namba za watu wake.