Rauta ya laini kwa biashara ya muda: namna ya kuchagua kabla hujatoa hela

Wateja wangu wengi wakinipigia simu kuhusu rauta ya laini, yaani kifaa kinachochukua intaneti ya laini ya simu na kuigawa kwa mashine nyingine, swali la kwanza huwa ni "rauta ipi ina kasi?" Mimi huwauliza: unaifunga wapi, na saa ngapi ndiyo unaitegemea? Majibu hayo mawili yana uzito kuliko namba zote zilizochapwa kwenye boksi.

Kazi yangu ni kufunga intaneti ya muda hapa Mbeya na mikoa ya jirani. Msimu wa kahawa niko Mbozi, kakao ikianza nateremka Kyela, Agosti nashughulika na mabanda ya Nane Nane viwanja vya John Mwakangale, na katikati hapo kuna semina za Iringa na ofisi za wakandarasi wa barabara. Sehemu hizi zote huna muda wa kusubiri faiba (intaneti ya waya) ifike, na mtandao ukikata saa ya kupima mzigo au kulipa wakulima, foleni inasimama palepale.

Kwa hiyo anza na simu, duka baadaye. Chukua simu ya 4G na laini za kampuni mbili au tatu, nenda mpaka pale utakapofanyia kazi. Kwenye Samsung nyingi ukibonyeza *#0011# unapata ukurasa wa vipimo. Tafuta RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka mnarani. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri: -85 ni safi, -100 bado unafanya kazi, ukivuka -110 kila kitu kinakuwa cha kubahatisha. Namba ya pili ni SINR, inayoonyesha usafi wa mawimbi. Juu ya 10 uko vizuri. Chini ya sifuri utateseka hata kama alama za mtandao zimejaa kwenye kioo.

Kuna ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kule Mbozi nililoitwa kufunga mtandao wa mashine za malipo. Ndani, chini ya mabati, simu ilisoma -112. Mlangoni, -104. Katibu, mzee mpole sana, akaniambia: "Mwanangu, sisi hapa mtandao tunaufuata kule kwenye mparachichi." Nikaenda. Pale kwenye mti, hatua chache tu kupanda mwinuko, simu ileile na laini ileile ilisoma -93. Mabati yanazuia mawimbi, na bega la kilima lilikuwa limeufunika mnara ukiwa ghalani. Tulisimamisha nguzo upande ule wa mwinuko, waya ukashuka mpaka dirishani. Tangu hapo kila ninapofika kijijini huuliza kwanza watu wanasimama wapi wakitaka kupiga simu. Wenyeji walishalipima eneo lao siku nyingi.

Pima pia saa ya kazi yenyewe. Uwanja wa Nane Nane saa moja asubuhi unakudanganya. Alasiri, watu wakishajaa na kila mmoja anarusha video, mnara uleule unaelemewa, na RSRP inabaki nzuri huku kasi imekufa.

Ukishakuwa na namba zako ndipo uchague kifaa. Modemu ya kuchomeka kwenye kompyuta inamfaa mtu mmoja anayesafiri. Mifai, ile rauta ndogo ya mfukoni, inafaa kwa mashine mbili tatu za malipo na simu ya bosi mahali penye mawimbi ya -95 au bora zaidi, na uzuri wake ni kwamba ina betri yake. Usiitegemee ibebe ofisi nzima: nyingi zina kikomo cha watumiaji na zinachemka zikifanya kazi mchana kutwa. Rauta ya mezani ni ya ukumbi au duka la mjini. Ila kwa maghala, mashamba na mabanda ya mabati, mimi nachagua rauta ya nje bila kusita, ile ambayo modemu na antena viko kwenye boksi moja juu ya nguzo, na waya mmoja wa mtandao unashuka ukiwa umebeba data na umeme pamoja. MikroTik SXT LTE ni ya aina hiyo.

Sababu ni waya. Antena ya kawaida inaunganishwa na rauta kwa kebo, na kebo nyembamba inakula mawimbi. Upotevu huo hupimwa kwa desibeli: 3 zikipotea, nusu ya nguvu imekwenda. Mita kumi za kebo nyembamba zinaweza kula zaidi ya desibeli 6, yaani unafikisha chini ya robo ya ulichokamata juu. Waya wa mtandao hauna tatizo hilo kwa umbali wa mpaka mita 100. Ukilazimika kutumia antena ya pembeni, nunua kebo nene na fupi, hakikisha antena ina nyaya mbili kwa sababu 4G hutumia njia mbili kwa pamoja, na angalia mdomo wa rauta yako kama ni SMA au TS-9 (aina mbili za viungo vya antena) kabla hujaondoka dukani.

Kuhusu kasi: boksi likisema Cat 4 (daraja la modemu), maana yake ni hadi Mbps (megabiti kwa sekunde) 150 kushusha na 50 kupandisha. Cat 6 ni 300 kushusha, lakini kupandisha ni 50 ileile. Biashara nyingi za muda zinapandisha zaidi: picha za mizigo, kamera, kikao cha video. Cat 6 inakufaa pale mnara unapotoa bendi (mafungu ya masafa) mbili kwa pamoja, jambo linalopatikana zaidi mjini. Kijijini, tofauti hiyo ya bei iweke kwenye nguzo na betri.

Bendi ndiyo iangalie kwa makini. Huku kwetu kwenye milima, masafa ya chini, yaani megahetsi 700 na 800, yanafika mbali na kupinda vilima vizuri kuliko 1800 au 2600. Boksi liwe na bendi 3 (ndiyo 1800), 20 (800) na 28 (700). Rauta za mtumba zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huwa na bendi kama 2, 4, 12 na 13, ambazo hazikusaidii hapa hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Na uliza kama imefungwa kwa kampuni moja. Muuzaji akisema "haijafungwa", mwambie aweke laini ya kampuni nyingine mbele yako.

Laini mbili ni lazima kama kuna malipo. Lakini matundu mawili ya laini si modemu mbili: rauta nyingi hutumia laini moja, ile nyingine ikisubiri, na kuhama kunaweza kuchukua dakika nzima. Kwa malipo ya wakulima hiyo inavumilika. Kwa mnada wa mtandaoni haivumiliki, hapo weka rauta mbili. Angalia pia kama kampuni ulizochagua hazipo kwenye mnara mmoja, maana umeme wa mnara ukikata zote zinalala pamoja.

Umeme: chagua kifaa kinachokubali volti 12 moja kwa moja. Teltonika RUT950 inakubali volti 9 mpaka 30, kwa hiyo betri ya gari inaibeba siku nzima bila invata. Tukuyu na Rungwe mvua ni ya kweli, kwa hiyo viungo vya nje vifunikwe kwa utepe wa mpira, na radi zikianza chomoa waya unaotoka kwenye nguzo.

Kamera zikihitajika, fahamu kuwa laini za kawaida hazikupi anwani ya intaneti ya peke yako, hivyo kuzitazama ukiwa mbali kunahitaji kamera zinazopitia seva ya mtengenezaji, au VPN (njia binafsi ya kuunganisha vifaa vyako kupitia intaneti).

Kabla ya kulipa, tuma IMEI (namba ya utambulisho) ya kifaa kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uhakikishe ni halali. Laini zisajiliwe kwa jina la biashara, si kwa alama ya kidole ya kijana wa dukani ambaye mwezi ujao ataacha kazi. Msimu ukiisha, toa laini kwenye rauta, zima bando linalojiunga lenyewe, na mara mojamoja weka salio utumie kidogo, kwa sababu laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba akapewa mtu mwingine.