Mkojo unasuasua? Fanya haya kabla hujakimbilia mizizi

Wazee wangu, na nyie vijana mliogusa 45, tuongee kiume kidogo. Tezi dume imekaa chini ya kibofu na njia ya mkojo inapita katikati yake, ndo maana ikikua kinachoanza kusumbua ni mkojo. Unasimama chooni unasubiri hauji, ukija hauna nguvu, unakatika unaanza tena, unafunga zipu matone yanakulowesha, usiku unaamka mara tatu nne. Kukua huko kwa umri ni kawaida, si kansa na haigeuki kuwa kansa, ila mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili na kwa dalili tu huwezi kutofautisha.

Anza na daftari. Siku tatu mfululizo andika saa uliyokojoa, kiasi gani (tafuta kopo lenye vipimo, mkeo asilitumie jikoni tena lol), na ulichokunywa saa ngapi. Wengine tezi haina shida sana, ni chai ya saa nne usiku, wengine ni sukari iko juu hawajapima. Dokta akiona hilo daftari anakuelewa haraka kuliko ukimwambia tu "nakojoa sana".

Halafu kipimo cha PSA (protini inayotengenezwa na tezi dume), ni damu tu. Siku mbili kabla usikutane na mama watoto wala usijichue, baiskeli pia pumzisha, na kama ulikuwa na UTI subiri kama wiki 6 baada ya kupona maana hivyo vyote vinapandisha namba bure. Ikiwa juu si lazima kansa, ikiwa chini nayo haikupi uhakika wote. Kile cha kidole njia ya haja kubwa ambacho watu wanakikimbia ni glavu na mafuta, dakika moja haifiki, dokta anasikilizia kama tezi ina sehemu ngumu au vinundu. Uanaume wako unabaki palepale.

Kansa ikianza mara nyingi haina dalili yoyote, kwa hiyo usisubiri mkojo ukusumbue. Sisi weusi hatari yetu iko juu, na kama baba au kaka yako aliugua ndo kabisa, kwenye 45 ongea na dokta kuhusu kupima.

Ukipewa tamsulosini, dawa ya tezi iliyokua, inalegeza misuli ya tezi na mlango wa kibofu, nafuu inaanza kuonekana ndani ya siku chache, ila amka kitandani taratibu maana inaleta kizunguzungu. Finasteridi yenyewe inapunguza ukubwa wa tezi na inaweza kuchukua miezi 6, wengi wanaacha mapema wanasema dawa feki. Ukiwa unaitumia mwambie anayekupima PSA, inashusha namba karibu nusu.

Kitu ambacho famasi hawakuulizi: dawa za mafua zenye pseudoefedrini, hata Piriton, zinaweza kufanya mkojo ugome kabisa ukiwa na tezi iliyokua. Mkojo ukigoma na tumbo la chini limejaa linauma, usinywe maji eti uusukume, nenda hospitali usiku huohuo uwekewe mpira. Ukiwa na homa na kutetemeka huku kukojoa kunauma, au ukiona damu kwenye mkojo, nako usilalie.