Namna ya kuwasha injini ya Garratt 59 iliyolala baridi

Garratt za daraja la 59, injini za treni za mvuke, zilitengenezwa na Beyer, Peacock ya Manchester, zikaletwa Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, namba 5901 hadi 5934, na kila moja ilipewa jina la mlima. Kazi yake ilikuwa kuvuta treni za tani 1,200 kutoka Mombasa kupanda Nairobi, kwenye reli ya upana wa mita moja. Mbili zipo Makumbusho ya Reli Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Injini ina tani 252, lakini uzito huo umekaa juu ya mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele na mwingine nyuma, yote ikilishwa na boila moja. Kila unachokagua mbele, kikague na nyuma.

Kabla ya moto, boila iwe imeshapasishwa na mkaguzi. Kisha thibitisha maji, na usiridhike na unachokiona kwenye kioo cha kupimia maji. Funga koki ya juu na ya chini, fungua ya kutolea: maji yaliyomo kwenye kioo yatoke kisha yakome. Fungua ya chini peke yake, maji yatoke kwa nguvu, uifunge. Funga ya kutolea, halafu fungua zote mbili. Maji yanapaswa kurudi juu upesi. Yakipanda polepole, njia ya chini imeziba kwa chumvi iliyoganda, na kioo hicho kitakudanganya. Mvuke ukishapatikana, rudia kipimo. Hapo ndipo koki ya juu nayo hupimwa, kwa kuangalia kama inapuliza mvuke.

Injini hizi huchoma mafuta mazito. Mafuta baridi hayapiti vizuri kwenye kichomeo: yanadondoka sakafuni mwa tanuri na kuganda kuwa kaa. Yapashe moto kwanza. Ili kuyapuliza yawe ukungu unahitaji mvuke, nao boila baridi haina, kwa hiyo azima mvuke wa injini nyingine au wa boila ya karakana. Pasipo hayo, anza na kuni hadi presha ianze kupanda.

Fungua milango ya hewa na mvuke wa kuvuta hewa kupitia dohani kwa dakika chache ili gesi zote zitoke. Weka ndani ya tanuri tambara linalowaka lililolowekwa mafuta ya taa. Simama pembeni ya mlango, kamwe usisimame mbele yake. Fungua mvuke wa kichomeo kwanza, mafuta baadaye, kidogo kidogo. Yasiposhika ndani ya sekunde chache, funga mafuta, safisha gesi, anza upya na tambara jipya. Kuwasha kwa joto la matofali ya tanuri ni hatari: mafuta hugeuka gesi, gesi hulipuka, na ndimi za moto hutoka mlangoni zikamkuta mtu.

Sasa subira. Boila hii ina kipenyo cha futi 7 na nusu. Tanuri, mirija na ganda la nje havitanuki kwa kasi moja. Ukiharakisha, vishikizo vya tanuri na midomo ya mirija vitaanza kuvuja, na hiyo ni kazi ya wiki kwa fundi wa boila. Tenga saa zisizopungua 12, moto mdogo, presha ipande taratibu hadi paundi 225 kwa inchi ya mraba. Soma moshi: wa kijivu hafifu ni sawa, mweusi, mafuta yamezidi au hewa haitoshi, mweupe, hewa imezidi au mafuta hayaungui.

Wakati huo mtu apite chini na taa. Sehemu mbili ambazo fremu ya boila imeegemea mitambo zipate mafuta ya kutosha, kwa kuwa zinabeba uzito na kugeuka kwa pamoja kila kwenye kona. Karibu nazo kuna viungo vya mabomba ya mvuke vinavyopinda. Uzi mwembamba wa mvuke hapo maana yake pakingi ya kuzuia mvuke imechoka.

Koki za kutolea maji za silinda zote 4 zikae wazi. Silinda za nyuma huchelewa kupata joto, kwani bomba lake hupita urefu wote wa boila. Kwa breki iliyokazwa, ingiza mvuke kidogo mpaka koki zote zitoe mvuke mkavu. Maji hayabonyei: pistoni ikiyakuta, kifuniko cha silinda hupasuka.

Njiani, masizi hukaa kwenye mirija na presha hushuka. Injini inapovuta kwa nguvu, mwaga mchanga mkavu kidogo tanurini. Mvuto utaupitisha kwenye mirija na dohani itatema masizi meusi.

Tangi la mbele likipungua maji, magurudumu ya mbele huwa mepesi na huanza kuteleza mlimani. Utasikia milio ya mvuke dohani ikivurugika, upande mmoja ukikimbia. Mkono wa mvuke ni mmoja kwa pande zote mbili, kwa hiyo urudishe mara moja, subiri magurudumu yatulie, ndipo umwage mchanga relini na kufungua tena. Ukimwaga mchanga yangali yanazunguka bure, yatashika ghafla na fito za magurudumu zitapinda.